Dume la Jirani

Mazungumzo ya redioni kwa vikundi vya kisomo cha watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, na kila kikundi kina daftari na kalamu. Mwalimu, tafadhali ongeza sauti ya redio kidogo, ili mzee aliyekaa nyuma naye asikie.

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya wanyama wa kuzalisha, yaani fahali, beberu, na hata mbwa dume. Nataka tuulizane jambo moja. Mtu mwenye dume linalopanda majike ya watu wengine, je, inampasa kulipima afya? Na akiisha kulipima, majibu ni ya nani? Ni siri yake, au jirani naye ana haki ya kuyajua?

Mimi ni afisa elimu, si daktari wa mifugo. Mambo ya udaktari nitakayoyasema nimeyapata kwa kuwauliza wenye kazi yao na kusoma vitabu vyao. Lakini shida yenyewe naijua, maana ilitokea nyumbani kwetu.

Fahali mwekundu

Baba yangu mdogo alikuwa na fahali mwekundu mwenye nundu kubwa. Zizi letu lilikuwa upande wa Uyui, si mbali na njia ya zamani ya misafara. Fahali yule alinunuliwa mnadani akiwa mtu mzima tayari. Alikuwa mpole, manyoya yake yanang'aa, anakula vizuri. Watu walikuja kumwomba, na baba mdogo hakumnyima mtu. Kwetu mwenye fahali mzuri huheshimiwa, na kumkatalia jirani ni aibu.

Mwaka wa kwanza ng'ombe wachache tu walizaa. Wengi walipandwa wakatulia, halafu baada ya miezi miwili au mitatu wakataka dume tena. Wakapandwa tena, wakarudia tena. Watu wengine walisema ni ukame. Wengine walisema ni kijicho cha mtu.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyonunua sare na madaftari ya mtoto wake. Mwaka ule hakupata ndama wala maziwa. Mtoto akakaa nyumbani muhula mzima.

Mwishowe bwana mifugo akaitwa. Alimfunga fahali vizuri, akaosha ndani ya ngozi inayofunika uume wake kwa maji ya chumvi, akayachukua maji yale yatazamwe kwa hadubini, chombo kile cha kukuzia vitu vidogo. Jibu lilipokuja, likasema kuwa fahali ana vijidudu viitwavyo trikomonasi.

Jioni ile baba mdogo aliniita pembeni. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikwisha ona tangu mwaka wa kwanza. Hata ng'ombe wangu mwenyewe walikuwa wanarudia. Nilinyamaza kwa kuwa niliogopa zizi langu litaitwa zizi bovu."

Ndugu zangu, baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu kuliko wengi. Fahali alimtoa bila malipo. Kitu alichowanyima jirani zake ni habari tu, na kwa kukosa habari ile walipata hasara kubwa.

Mizigo isiyoonekana

Sisi watu wa Tabora twajua habari za mizigo. Mababu zetu walikuwa wapagazi. Walibeba pembe na nguo katika njia ndefu itokayo Bagamoyo, ipitayo Mpwapwa na Ugogo, ifikayo hapa Unyanyembe, kisha iende mpaka Ujiji ziwani. Mzigo wa mpagazi ulionekana begani. Lakini dume laweza kubeba mizigo mitatu ambayo jicho haliioni.

Mzigo wa kwanza ni ugonjwa wa kupandana, kama ule wa fahali wetu mwekundu. Dume lenyewe haliugui. Vijidudu hukaa katika mikunjo ya ngozi ile, na fahali mzee aweza kuwa navyo maisha yake yote. Kila jike analopanda huambukizwa. Jike hushika mimba, halafu mimba hufa ingali changa, ndogo sana hata mwenyewe asiione. Yeye huona tu kwamba ng'ombe anataka dume tena. Mara nyingi jike hupona akipumzishwa bila kupandwa kwa miezi kadhaa, lakini mwaka umekwisha potea. Na akipandwa na dume jingine, dume lile nalo hupata ugonjwa, likaupeleka zizi la tatu.

Mzigo wa pili ni ugonjwa wa kutupa mimba, ambao madaktari huuita bruselosi. Huu huenea zaidi kwa njia nyingine. Ng'ombe au mbuzi hutupa mimba iliyokwisha kuwa kubwa, na vijidudu hujaa katika maji ya uzazi, katika kondo la nyuma na katika kile kitoto kilichotupwa. Wanyama wengine hulamba, hula majani yale, wakaambukizwa. Mbwa huburura mabaki mpaka zizi la jirani. Fahali aliyeambukizwa aweza kuvimba makende na kushindwa kuzalisha.

Na ugonjwa huu haukomi kwa wanyama. Mtu anayekunywa maziwa mabichi, au anayemzalisha mnyama mgonjwa kwa mikono mitupu, huweza kuupata. Hushikwa na homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo. Wengi hudhani ni malaria, wakanywa dawa ya malaria bila kupona.

Mzigo wa tatu ni kasoro ya kurithi. Hii si ugonjwa wa kuambukizwa. Imo katika mbegu yenyewe, nayo hupita toka mzazi hata mtoto. Dume laweza kuwa zima kabisa, likabeba nusu ya kasoro. Likikutana na jike mwenye nusu kama ile, baadhi ya watoto hupata kasoro nzima, wakafa au wakadhoofika.

Mzima wa macho

Labda mtu atasema, "Mimi ni mfugaji tangu utotoni. Mnyama mgonjwa namjua kwa kumtazama." Basi nitamweleza habari ya mbuzi wa Malta.

Malta ni kisiwa kidogo katika bahari ya Mediterania. Zamani askari wa Kiingereza waliokaa kule waliugua sana homa ya kwenda na kurudi. Mwaka 1887 daktari David Bruce alikigundua kijidudu cha homa ile, lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi. Watu walishuku hewa, maji na uchafu. Mwaka 1905 daktari wa Malta mwenyewe, Themistocles Zammit, akapima damu ya mbuzi. Mbuzi wale walikuwa wanene, wanatoa maziwa mengi, hawana dalili yo yote. Kumbe vijidudu vilikuwamo katika damu yao na katika maziwa yao. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa yale, na homa ikapungua upesi. Kwa hiyo macho ya mfugaji ni mazuri, lakini yana mwisho wake. Pale macho yanapokoma, kipimo huanza.

Kipimo cha bruselosi si kitu cha kutisha. Daktari huchukua damu kidogo shingoni mwa mnyama, huiacha igande, kisha huchukua maji yanayojitenga juu. Tone moja la maji yale huchanganywa na tone la dawa yenye rangi ya waridi. Mchanganyiko ukibaki laini, ni dalili njema. Ukifanya chembechembe, kuna shaka, na damu hupimwa tena kwa njia nyingine ili kuhakikisha. Jibu la kwanza hupatikana kwa dakika chache. Sisi wa Tabora tuna bahati, maana Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo chake hapa Tabora. Wa kumwona kwanza ni afisa mifugo wa kata yako. Yeye atakueleza kipimo gani kinafaa, na gharama yake.

Kwa nini majibu yasemwe

Sasa nafika penye shina la mazungumzo yetu. Kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusema.

Fikirini msafara wa zamani. Kirangozi alipofika kambini aliwauliza waliotangulia: Maji yako wapi? Kuna vita mbele? Kuna ndui? Mtu aliyetoka penye ndui akanyamaza, hakuwadhuru wale wa kambi ile tu. Aliwadhuru wote ambao msafara ule ungekutana nao mpaka mwisho wa njia. Dume nalo ni hivyo hivyo. Linakwenda zizi hata zizi, na watoto wake huuzwa mnadani, wakaenda Nzega, Sikonge, Urambo, na kwingineko. Ukificha jibu leo, hujui litafika wapi.

Jambo hili si letu peke yetu. Marekani alizaliwa fahali mmoja mwaka 1974, jina lake Carlin-M Ivanhoe Bell. Binti zake walitoa maziwa mengi sana, basi mbegu zake zikauzwa nchi nyingi za dunia. Hakuna aliyejua kwamba alibeba kasoro mbili za kurithi. Kasoro moja iliwaondolea ndama nguvu ya kupigana na magonjwa, nyingine iliua ndama wakiwa bado tumboni. Kipimo cha ile ya kwanza kilipatikana mwaka 1992, na ile ya pili ilielezwa na wataalamu wa Denmark karibu na mwaka 2000. Siku ile kasoro ilikuwa imekwisha enea mbali. Wafugaji walifanya nini? Walipima madume yao, wakaandika majibu mbele ya jina la kila fahali katika orodha za kuuzia mbegu. Hivyo kila mnunuzi alijua. Fahali mwenye nusu ya kasoro hakupandishwa kwa jike mwenye nusu kama yake, na ndama wa kasoro wakapungua.

Hata wafugaji wa mbwa wamejifunza somo hili. Mbwa wakubwa wa ulinzi, kama wale wa Kijerumani, mara nyingi hurithi ubovu wa nyonga. Mbwa akiwa mdogo hucheza na kukimbia, na ubovu hauonekani. Akikua huchechemea na kupata maumivu. Marekani kuna shirika lililoanzishwa mwaka 1966, kwa kifupi OFA, linalotazama picha za eksirei za nyonga za mbwa. Majibu huwekwa katika daftari moja, na mwenye mbwa akikubali, mtu ye yote aweza kuyasoma, hata yakiwa mabaya. Mtu anayetaka kuzalisha aweza kutazama si mzazi tu, bali na ndugu na babu wa mbwa yule. Jibu moja lililofichwa sandukuni lamfaa mtu mmoja. Majibu mengi yakiwekwa pamoja huwafaa wote.

Hapa kwetu, Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, hupima mafahali kabla ya mbegu zao kupelekwa kwa wafugaji. Kama mbegu inayosafiri katika mrija hupimwa, kwa nini fahali anayesafiri kwa miguu yake asipimwe?

Aibu na bei

Najua kinachowafunga watu midomo. Ni mambo mawili: aibu na bei. Mtu huogopa kwamba akisema dume lake lina kasoro, watu watamcheka, na hakuna atakayenunua ndama wake.

Hofu hii ni ya kweli, wala sitaidharau. Lakini tuitazame vizuri. Ugonjwa si kosa la mwenye zizi. Baba mdogo alimnunua fahali yule akiwa na vijidudu tayari. Kosa lilianza siku aliyoona akanyamaza. Na aibu ya mtu aliyeficha, ikifunuliwa, ni kubwa kuliko aibu ya mtu aliyesema mwenyewe. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Na waliotuambia kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua, walijua walisemalo.

Kwa upande wa pili, sisi majirani nasi tuna wajibu. Mtu akisema kweli tukamcheka, tumewafundisha wengine wote kunyamaza. Yafaa kijiji kikubaliane mapema, kabla ugonjwa haujatokea, kwamba anayesema hatachekwa, na kwamba gharama ya kupima dume linalotumiwa na wengi italipwa na wote wanaolitumia. Si haki mtu mmoja atoe fahali, kisha atoe na fedha za kupima, kisha apate na masimango.

Baba mdogo mwishowe alisimama barazani akasema mwenyewe. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Fahali akauzwa kwa nyama. Ng'ombe walipumzishwa. Kisha wenye mazizi wakachanga, wakanunua dume changa ambalo halijapanda bado, likapimwa kwanza. Ng'ombe wa yule mama akaja kuzaa. Lakini muhula wa mtoto wake haukurudi, na baba mdogo hakuusahau mpaka leo.

Daftari la dume

Sasa shikeni kalamu. Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi zizini.

Chukueni daftari moja la kijiji. Kila dume lipewe ukurasa wake. Andikeni mambo haya: jina la mwenye dume, rangi na alama zake, umri wake, mahali liliponunuliwa, tarehe ya kupimwa, kipimo gani, jibu gani. Chini yake andikeni kila jike lililopandwa, na tarehe. Kisha andikeni matokeo: amezaa, amerudia, ametupa mimba, ndama ana kasoro. Daftari likae mahali ambapo kila mfugaji aweza kulisoma.

Msidharau kazi hii ndogo. Mpwapwa, palepale katika njia ya misafara, kuna kituo cha utafiti wa mifugo kilichoanza mwaka 1905. Wataalamu wa pale walipandisha ng'ombe wa kienyeji na ng'ombe wa nchi nyingine, wakachagua miaka mingi, mpaka ikapatikana aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa. Huwezi kuchagua mzazi bora bila kuandika nani amezaa nini. Kumbukumbu ya kichwa huchanganya mambo.

Daftari litawaonyesha jambo jingine tena. Fahali akikaa zizini miaka mingi huanza kuwapanda binti zake mwenyewe, na hapo kasoro za kurithi hukutana. Mkiona majina ya binti zake yanaanza kuandikwa, mbadilisheni. Lakini mbadilishane na kijiji chenye daftari, na ukurasa wake usafiri pamoja na fahali.

Nami naongeza maonyo matatu ya nyumbani. Kwanza, chemsheni maziwa mpaka yatokote. Pili, msishike mimba iliyotupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Fukieni chini sana au chomeni, mbwa wasipate. Tatu, ng'ombe aliyetupa mimba mtengeni, mwiteni bwana mifugo, wala msimpeleke mnadani.

Ugonjwa uliokwisha

Kabla sijamaliza, nitasema habari ya sotoka. Ugonjwa ule uliingia Afrika upande wa Eritrea mwaka 1887, ukafika nchi yetu mwaka 1890 na 1891. Inakisiwa kuwa mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Watu waliishi kwa ng'ombe, nao wakafa kwa njaa.

Leo sotoka haipo tena duniani. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha, nayo ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kumalizwa dunia nzima. Chanjo iliyosaidia sana ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, karibu na Nairobi. Lakini chanjo peke yake haikutosha. Ilibidi wafugaji waseme wanyama wao walipougua. Ilibidi madaktari wapime damu, na kila nchi itangaze majibu yake, mazuri na mabaya, mbele ya nchi nyingine. Mara ya mwisho sotoka ilionekana Kenya mwaka 2001, kwa nyati. Kenya ilisema, na kwa kuwa watu walisema, ilijulikana wapi pa kutazama mpaka mwisho.

Ikiwa nchi zimeweza kuambiana, je, mazizi mawili yanayotazamana yatashindwa?

Ndugu wasikilizaji, mzee wa mwaka 1973 anayekumbuka kampeni ya Mtu ni Afya atawaambieni jinsi watu walivyokaa mbele ya redio kama mnavyokaa ninyi sasa, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Mazungumzo ya leo nayo yaishie zizini. Pimeni. Andikeni. Semeni.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, dume gani linatumiwa na mazizi mengi? Nani anajua lilitoka wapi?

2. Kama ungalikuwa baba mdogo, ungalisema siku gani, na ungalimwambia nani kwanza?

3. Je, ni haki gharama ya kupima ilipwe na wote wanaolitumia dume? Toeni sababu.

4. Kila mmoja aandike ukurasa wa daftari kwa dume moja analolijua. Kisha msomeane kwa sauti.